Sahihi ya Tatu

Nyumba ya wazee ninakofanya kazi iko nyuma ya barabara kuu ya Lewisham, dakika kumi kwa miguu kutoka sokoni kama hukusimama kununua ndizi za kupika. Mimi husimama. Nimeosha wazee wa watu hapo kwa miaka kumi na tisa, na kama kuna jambo nililojifunza ni kwamba nusu ya kazi hii ni kuosha na nusu nyingine ni kuandika kwamba umeosha. Mzee akioga na usiandike, hakuoga. Asipooga nawe ukaandika, ameoga, na mkaguzi akija atakusifu.

Daftari linaloogopwa kuliko yote ni la dawa kali za maumivu, zile zinazofungiwa ndani ya kabati lililo ndani ya kabati jingine. Ufunguo anao nesi. Kila dozi inataka watu wawili: nesi anayepima na shahidi anayetazama. Kwa sheria, shahidi hutazama dawa ikipimwa, hufuatana na nesi mpaka kitandani, humwona mgonjwa akimeza, kisha ndipo wote wawili hutia sahihi. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa siku ya mafunzo, tukapewa na biskuti. Lakini asubuhi ina wazee ishirini na wawili na wafanyakazi watatu, kwa hiyo sisi tulikuwa tukitia sahihi zote mbili pale pale kabatini, nesi akashika njia na kikombe chake, nami na beseni langu. Siku nyingine nililetewa daftari nikiwa na sabuni mpaka viwikoni. Nilijifuta kwenye aproni nikaandika jina langu.

Mzee ninayetaka kumsimulia alikuwa Mhabeshi. Alikaa chumba cha mwisho upande wa bustani, na saratani ilikuwa imemwingia mifupani. Tuliambiwa hana jamaa na kwamba Kiingereza chake ni kidogo. Wiki ya kwanza alitutazama tu kama abiria anayengoja basi lisilo lake. Siku moja nikimgeuza kitandani nilijisemea, "Haya mzee wangu, polepole, usije ukanivunja kiuno." Akanijibu kwa Kiswahili, "Wewe ndio utavunja mimi."

Kumbe alikuwa amekaa Nairobi miaka minane, Eastleigh, akingoja karatasi za ukimbizi kabla ya kuletwa huku. Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko, ngeli zote zimetiwa gunia moja zikatikiswa. Mimi ni mtu wa Mombasa, na nilikuwa nikimcheka waziwazi. Yeye alisema watu wa Mombasa wanapika maneno mpaka yanapoa. Tukaelewana.

Wahabeshi wenzake wapo wengi London. Kanisa lao lilituma wanawake wawili wamtembelee, wakaja na injera, ile mikate yao myembamba, na mchuzi wa dengu, naye akageuza uso ukutani mpaka wakaondoka. Nilidhani ni kiburi, nikamwambia hivyo hivyo. Injera tuliila sisi wafanyakazi.

Sababu alinipa mwenyewe, vipande vipande, nikimnyoa ndevu au nikimkata kucha. Aliwahi kuwa mwanajeshi, ila si wa bunduki. Wakati ule nchi yao ilishikwa na wanajeshi waliojiita watumishi wa wafanyakazi na wakulima. Walimwondoa mfalme, wakatundika nyota nyekundu, wakawa chama na serikali na jeshi kwa pamoja. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu. Walimvisha sare, wakampeleka Moscow mwaka mzima, akarudi kamisaa. Kazi ya kamisaa ni kukaa na kikosi na kuangalia askari wanawaza nini.

"Kila kikosi ilikuwa na watu watatu wakubwa," aliniambia. "Kamanda anajua vita. Kamisaa, huyo ni mimi, anajua siasa. Halafu mkaguzi. Huyo anajua sisi wawili tunasema nini."

"Na nani mkubwa kati yenu?"

"Yule mwenye anaogopwa hiyo siku."

Amri haikuwa amri mpaka ipate sahihi tatu. Kamanda akitaka kuhamisha mzinga kutoka kilima hiki mpaka kile, aandike, atie sahihi, amtafute kamisaa, kisha amtafute na mkaguzi, ambaye pengine amejilalia. Adui naye hangoji mtu aamke. Nilimuuliza kwa nini serikali ya wanajeshi iwaogope wanajeshi wake yenyewe. Akanitazama kama mtoto mzito darasani. Alisema walioingia kasri kwa bunduki wanaujua vizuri mlango walioupitia. Nikamwambia kwetu husemwa kikulacho ki nguoni mwako, na akataka nirudie mara mbili ili aushike msemo. Kwa kweli mambo hayo niliyasikiliza kama ninavyosikiliza redio nikipiga pasi. Yalikuwa ya nchi nyingine na ya watu wengine.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya Jumanne. Nesi wa zamu alikuwa binti wa Kikenya, wa bara, hajamaliza mwaka hapa. Aliniita Auntie, nami nilimpenda kwa sababu alikuwa mwepesi wa mikono na hakuwa na maringo. Saa mbili alipima dawa ya Mzee, ile ya maji, kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Tukatia sahihi zetu kabatini kama kawaida. Yeye akashuka na kikombe, mimi nikapanda ghorofani kumwogesha bibi mmoja asiyependa maji.

Saa nne Mzee alibonyeza kengele. Nilimkuta amekunja magoti, jasho limemtanda usoni, na pembe ya mto iko mdomoni.

"Dada, hiyo dawa sijapewa."

"Umepewa, Mzee."

"Sijapewa. Mimi najua mwili yangu."

"Umepewa saa mbili. Nimetia sahihi mwenyewe."

Nilisema hayo kwa ile sauti tunayowawekea waliosahau, tamu juu na ngumu chini. Wazee wengi pale husahau kama wamekula. Yeye hakuwa mmoja wao, na nilikuwa nalijua hilo. Lakini sikuwa na wasiwasi hata chembe, maana jina langu lilikuwa kwenye daftari. Nikamrekebishia mto, nikamwambia dozi nyingine ni saa sita, avumilie kidogo.

Alicheka. Kicheko kikamuuma, akakikatiza.

"Karatasi inasema nimekunywa."

"Ndiyo."

"Basi kaa chini nikuambie maneno ya viatu."

Sikuwa na nafasi ya kukaa. Nikakaa ukingoni mwa kiti, kwa adabu tu, na maneno yalimtoka kidogo kidogo kwa sababu ya maumivu.

Kikosi chao kilikuwa milimani kaskazini, kwenye baridi ya kugandisha maji kwenye kopo. Askari walivaa ndara za mpira wa gari, zile tunazoziita akala, ambazo hata babangu alizivaa shambani. Wengine walifunga miguu kwa matambara. Ikaja karatasi kutoka makao makuu kwamba viatu vimefika, jozi moja kwa kila askari. Viatu vyenyewe havikuonekana. Pengine viliuzwa njiani, pengine havikuwahi kushonwa. Karatasi ilitaka sahihi tatu za kupokea. Mkaguzi akatia. Kamisaa akatia, kwa sababu mkubwa wa nchi alikuwa amekwisha kutangaza redioni kwamba jeshi la umma limevishwa vizuri, na kamisaa atakayesema askari hawana viatu amesema mkubwa ni mwongo. Akabaki kamanda. Kamanda hakutia. Chini ya karatasi aliandika maneno mawili: viatu havikufika.

"Alikuwa mtu jasiri?" nilimuuliza.

"Hapana. Mtu ya kawaida. Alikuwa anaona miguu ya watu, basi."

Maneno hayo mawili yakaitwa kuvunja moyo wa jeshi. Ikaandikwa karatasi ya pili, ya kumshtaki kamanda, na kamisaa akatakiwa athibitishe kwamba viatu ameviona kwa macho yake. Alithibitisha. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, na alikumbuka kwamba kalamu ilikuwa ikivuja wino. Kamanda alipigwa risasi mbele ya kikosi chake mwenyewe. Kisha kamisaa, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akasimama kuwahutubia wale askari, wakiwa na akala zao na matambara yao, juu ya wema wa mapinduzi yaliyowapa viatu.

"Wakapiga makofi?"

"Sana. Mimi niliangalia juu. Chini sikuangalia."

Akauma pembe ya mto mpaka wimbi la maumivu likapita.

"Sasa wewe, dada. Uliniona nikikunywa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilishafika kwenye meno. Nikasema, "Sikukuona." Niliona aibu, na haikuwa ya mambo makubwa ya jeshi wala ya mapinduzi. Ilikuwa aibu ya mtu mzima aliyekutwa akisema uongo na mgonjwa aliyelala chali.

"Basi tafuta," alisema.

Haikuchukua dakika tano. Kikombe kilikuwa kwenye chumba cha mashuka, rafu ya katikati, baina ya foronya, kimejaa kama kilivyopimwa. Nilikuwa nimekishika nesi alipoingia kuchukua taulo. Alikiona akashika mdomo.

"Woi, Auntie. Ule shosho mzee wa pale mbele alianguka kwa choo, wakaniita. Nikakiweka hapo nikasema narudi."

"Mzee ana maumivu tangu saa mbili."

"Nitaimwaga kwa sink, nimpigie daktari, nimpimie ingine saa hii. Hakuna mtu atajua. Register iko sawa."

Na kweli daftari lilikuwa sawa. Kilichobaki kwenye chupa na kilichoandikwa vilipatana bila kasoro. Kilichokuwa hakipatani ni Mzee tu. Nilimwambia hatumwagi kitu. Akaanza kulia bila sauti, huku anakunja taulo lililokwisha kukunjwa.

"Auntie, please. Visa yangu ni ya hii kampuni. Wakinifuta kazi nina siku sitini tu za kupata ingine. Mtoto wangu nimemwacha kwa mamangu."

Pasipoti ya hapa mimi ninayo, ya siku nyingi. Nikifukuzwa leo, wiki ijayo nitapata nyumba nyingine, kwa sababu London haiishiwi na watu wa kuoshwa. Yeye hakuwa na wiki ijayo. Nilimkasirikia kwa kutaka kumwaga, kisha hasira ikanirudia mwenyewe. Wiki yake ya kwanza binti huyu alitaka tufuatane mpaka kitandani kwa kila dozi, kama tulivyofundishwa. Ni mimi niliyemwambia, "Mwanangu, ukienda hivyo tutamaliza kesho." Alicheka, akaniamini, akatia sahihi kabatini tangu siku hiyo.

Tulimpigia daktari. Nesi alimwambia maumivu yamezidi, bila kusema kwa nini, na daktari akaruhusu dozi mara moja. Safari hii nilifuatana na kikombe. Nilisimama miguuni mwa kitanda, nikaliona koo la Mzee likipanda na kushuka, ndipo nikatia sahihi. Kile kikombe cha kwanza nesi alikifungia kabatini, nami nikakiandikia karatasi. Meneja alikuwa mkutanoni na angerudi saa nane. Nilikuwa na mpaka saa nane kuamua.

Mzee alipotulia nilimuuliza anataka nini. Nilitegemea atasema mtu aadhibiwe, au atasema yaishe. Moja kati ya hayo lingenipunguzia kazi.

"Huyo mtoto asifukuzwe. Mimi nimefukuzisha watu ya kutosha."

"Basi ninyamaze?"

"Sijasema hivyo. Hiyo kitabu yenu iseme nilikuwa na maumivu."

"Nikiandika hivyo anaweza kufukuzwa."

"Najua," alisema, akafumba macho.

Mamangu alikuwa akisema njia ya mwongo ni fupi. Hakutaja ya mkweli ina urefu gani, wala nani atakayeitembea badala yako. Nilikaa kwenye chumba cha wafanyakazi, penye meza moja na birika linalovuja, nikaandika maelezo. Karatasi ya kwanza ilianza na "sisi" kila mahali. Nikaichana. Kwenye ya pili niliandika kwamba nilitia sahihi ya shahidi bila kushuhudia, na si siku hiyo tu bali kwa miaka. Kwamba nesi alijifunza hivyo kwangu. Kwamba kikombe nilikikuta kwenye mashuka. Kwamba mgonjwa aliniambia hakupewa dawa nami nikamkatalia kwa ushahidi wa jina langu mwenyewe. Na kwamba kwa zaidi ya saa mbili alikuwa na maumivu. Sentensi ya nne niliikata na kuiandika upya mara mbili. Zile nyingine zilikuwa za kazi tu.

Nilimsomea nesi kabla ya kuipeleka. Nikamwambia aandike yake kabla ya saa nane, maana anayejisema na anayesemewa hawapokelewi sawa. Aliandika mistari sita, akanipa nitazame, sikubadilisha neno. Hakuniita Auntie tena baada ya hapo. Huniita kwa jina, kwa heshima zote, na sijamlaumu.

Meneja alikuwa mwanamke wa haki aliyechoka. Alisoma, akavua miwani, akaniuliza kama najua nimejiandikia nini. Nikasema najua. Daftari lile halifutwi hata kwa bahati mbaya. Kosa huandikwa pembeni, na pembeni pale pakaandikwa kwamba dozi ya saa mbili haikutolewa na kwamba mgonjwa aliumwa. Mimi nilipewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye ushahidi kwa miezi sita. Nesi alisimamishwa wiki mbili, akafundishwa upya, akapimwa, akabaki. Wiki hizo mbili sikuweza kula vizuri. Sikujua mambo yataishia wapi wakati naandika, na sitaki msomaji adhani nilijua.

Nakala ya maelezo yangu nilipewa mwenyewe. Siku ya pili nilimpelekea Mzee, akataka nimsomee kwa Kiswahili. Alisikiliza macho yamefumbwa. Nilipofika pale pa mgonjwa aliniambia nami nikamkatalia, aliinua kidole. Nikarudia.

"Sahihi iko?"

"Iko. Yangu na ya meneja."

"Mbili."

"Mbili, Mzee."

"Lete kalamu."

Nilimwambia fomu haina nafasi ya tatu. Alinyoosha mkono, ukakaa hewani mpaka nikaona haya. Nikaiweka karatasi juu ya trei ya chakula nikampa kalamu. Aliandika polepole sana, kwa herufi za kwao, zile zinazosimama kama watu wenye miguu. Yalikuwa maneno mawili. Nilijua Wahabeshi hujiita kwa jina lao na la baba, nikaona basi, ametia sahihi. Alinirudishia kalamu, akaomba chai.

Alifariki wiki tatu baadaye, mchana, dawa yake amepata kwa wakati. Wale wanawake wawili wa kanisani ndio waliomzika. Karatasi niliiweka kwenye droo ya pasipoti, nikaisahau kama vitu vya droo vinavyosahauliwa.

Mwaka huu meneja ameniomba niwafundishe watunzaji wapya jinsi shahidi anavyopaswa kufanya, nikaitoa ile karatasi ili niwaonyeshe. Karibu na stesheni kuna mama wa Kihabeshi anayeuza kahawa. Nilimpa aisome pale chini Mzee alipoandika, kwa sababu nilitaka kulisikia jina la Mzee likitamkwa na mtu wa kwao. Sisi tulikuwa tukiliharibu kila siku na hakuwahi kuturekebisha.

Alivaa miwani, akaisogeza karatasi kwenye mwanga.

"Hili si jina," aliniambia kwa Kiingereza.

"Ni nini?"

"Imeandikwa: viatu havikufika." Akanitazama juu ya miwani. "Viatu gani?"